Ukurasa wa Kutua

Arobaini ya Baba Mdogo Shabani ilisomwa Lindi mjini, nyumbani kwake. Nilitoka Mchinga na basi la asubuhi, nikafika kabla ya wasomaji, nikaketi karibu na mlango. Si kwamba ndani nafasi ilikosekana. Ni tabia yangu ya siku nyingi kukaa mahali ninapomwona anayeingia na anayetoka, na katika nyumba ile nilikuwa na sababu zaidi, kwa kuwa mimi na marehemu hatukuwahi kuelewana tangu nilipokuwa msichana wa miaka kumi na saba. Nilikwenda kwa ajili ya damu, na kwa ajili ya watu wasipate la kusema. Mdogo wangu Hamisi alikuja kutoka Songo Songo, ambako amekuwa fundi wa mashine za boti kwa miaka mingi. Baada ya pilau, wanaume walipotoka nje kunawa, alinifuata pale mlangoni akachuchumaa kando yangu. Kichwa chake kina mvi sasa. Hakuniuliza habari za safari. Alitoa simu mfukoni akasema, "Dada, unamkumbuka Bwana Juu?"

Nilicheka kabla sijajizuia, na wanawake wawili wakageuka kunitazama. "Namkumbuka," nikasema. "Amefanya nini tena?"

"Hakutua ndani ya ule mpira wa chuma. Nimesoma humu. Alirushwa nje angali juu, akashuka na mwavuli wake peke yake, na mpira ukaenda kuangukia mahali pengine. Walificha miaka mingi. Hata vitabuni waliandika kwamba alitua ndani." Alikuwa akiangalia kioo cha simu badala ya kuniangalia mimi. "Ulisema siku ile. Tukakucheka."

Nilijua kwamba hakuwa akizungumzia mpira peke yake. Mwaka ule tuliosoma kitabu cha Bwana Juu ulitugawa mimi na yeye, na tangu hapo tumesalimiana, tumezikana, tumepelekeana samaki na korosho, lakini hatukuwahi kuutaja. Nimekaa kuuandika sasa kwa kuwa yeye ameanza.

Habari za wazazi wetu nitaziacha. Inatosha kusema kwamba walifuatana ndani ya miezi minane, wakatuacha watatu: mimi, Hamisi aliyekuwa darasa la saba, na Rukia ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Mimi shule niliiacha darasa la tano, mama alipoanza kuugua. Tulikuwa na nyumba ya vyumba viwili, na shamba la mikorosho upande wa bara, mwendo wa saa moja kwa miguu. Chumba cha mbele kilikuwa na kiti cha baba, kiti cha mbao chenye mikono, ambacho hakuna aliyekikalia. Sikumkataza mtu. Kila mmoja alikizunguka tu, hata Rukia, na usiku nilikiegemeza mlangoni kwa ndani, kwa sababu komeo lilikuwa bovu nami sikuwa nikimwamini mtu yeyote anayepita njiani.

Tuliishi kwa kubangua korosho. Uani nilikuwa na bati kuukuu lililotobolewa matundu, nimeliweka juu ya mafiga matatu. Korosho zikipata moto, mafuta ya ganda hutoka na kuwaka yenyewe, moto mrefu, na moshi wake ni mweusi, mzito, unaokaba koo. Unazimwagia mchanga, zikipoa unazigonga moja moja kwa jiwe. Mafuta yale huunguza mikono hata ukipaka majivu. Ngozi ya vidole vyangu ilibanduka mara nyingi kiasi kwamba ncha zake zilibaki laini kama kauri, hazina hata mstari mmoja. Na ule moshi hautoki. Ukikaanga Jumatatu, Alhamisi bado unanuka, hata uoge kwa sabuni na maji ya moto, na mtoto akikukumbatia anageuza uso.

Korosho zilizobanguliwa tuliziuza barabarani zikiwa katika vifuko vya karatasi, na karatasi nilizipata Lindi kwa Bwana Gulamu, aliyekuwa na duka karibu na soko. Baba yake na babu yake walikuwa na duka lile lile. Mwezi ule wa kumi, nilipompelekea korosho, aliniwekea juu ya meza mzigo wa vitabu uliofungwa kwa kamba ya katani.

"Chukua, Somoe. Vya bure."

"Vya bure kwa nini?"

"Kwa sababu vimejaa stoo na panya wameshiba. Nchi za watu zilituletea, hakuna anayevisoma."

"Mbona hujafungia sukari yako mwenyewe?"

Bwana Gulamu alimwambia mkewe kwa sauti, ili na mimi nisikie, "Huyu hata akifunguliwa mlango wa peponi, atauliza kwanza wa nyuma uko wapi." Nilivichukua. Lakini nilikata kamba pale pale dukani na kufungua kimoja kimoja, nisije nikabebeshwa kitu.

Vingi vilikuwa vya lugha tusizozijua. Kimoja kilikuwa cha Kiswahili, kinene kidogo, na jalada lake lilikuwa na picha ya kijana aliyevaa kofia kubwa ya duara, anatabasamu. Yalikuwa maisha ya mtu wa kwanza kwenda anga za juu. Hamisi alikiona nikiwa nimeshashika jalada tayari kulichana, akanishika mkono. Alikuwa amemaliza mtihani wake na hana la kufanya ila kungoja majibu. Aliniomba kitabu kile kisichanwe. Nikamwambia korosho haziwezi kungoja. Tukaafikiana hivi: yeye atasoma kwa sauti uani wakati sisi tunabangua, na ukurasa ukishasomwa pande zote mbili ni mali yangu. Ndivyo tulivyokisoma. Anasoma, ananipa, nachana, nazungusha karatasi kidoleni, nakunja chini, natia korosho. Utoto wa yule mtu ulikwenda wote barabarani kwa abiria wa Lindi na Kilwa katika wiki ya kwanza. Baba yake seremala, vita vilivyopita kijijini kwao, shule yake ya kwanza, watu waliyatafuna pamoja na korosho bila kujua.

Jirani yetu Biti Saidi alikuwa akija kila alasiri kutusaidia, na kwa kweli alikuja kusikiliza. Yeye ndiye aliyempa yule mtu jina la Bwana Juu, kwa kuwa jina lake halisi lilimshinda kila mtu isipokuwa Hamisi. Siku Hamisi aliposoma kwamba kabla ya kurushwa, madaktari walimfungia Bwana Juu katika chumba kisichopitisha sauti, peke yake, siku baada ya siku, hana wa kusema naye, wao wakimchungulia kwa dirisha, Biti Saidi aliweka jiwe lake chini.

"Kumbe wamemweka ndani kama mwali," akasema. "Na somo wake nani?"

"Hana somo, Biti Saidi. Ni majaribio," Hamisi akasema.

"Mwali asiye na somo? Basi huyo watamharibu. Nani anamfundisha adabu za huko anakokwenda?"

"Huko hakuna mtu wa kumfundisha. Hajaenda mtu."

"Hajaenda mtu, na wao wanajuaje kama kuna njia ya kurudi?"

Tulicheka sana, na Rukia akacheka kwa sababu sisi tulicheka. Lakini swali la Biti Saidi lilinikaa. Mimi mambo ya juu sikuyatilia shaka. Kwamba kijiko kilielea, kwamba dunia ilionekana ya buluu, kwamba aliizunguka yote kwa muda ambao mimi nakwenda shambani na kurudi, yote hayo nilimwachia mwenyewe, kwani nitamkamataje mtu kwa jambo nisilolijua? Nilikuwa nangoja arudi.

Wakati huo huo Baba Mdogo Shabani alianza kuja. Alikuwa karani wa ghala Lindi, mdogo wa baba, na kabla ya msiba tulimwona sikukuu kwa sikukuu. Sasa alikuja kila Ijumaa baada ya swala, na mkate wa mjini, na sukari, na mara moja viatu vya Rukia ambavyo vilimtosha sawasawa. Hilo lilinisumbua kuliko kama vingekuwa vikubwa. Nani alimpa kipimo? Ijumaa ya kwanza aliingia chumba cha mbele, akakitazama kiti cha baba, akakikalia. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, nikaenda jikoni kumpikia ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Jiko letu lilikuwa nyuma ya ukuta wa miti na udongo uliodondoka sehemu, na maneno ya chumba cha mbele yalipita humo kama vile unasemewa sikioni.

"Ukifaulu, utakaa kwangu," nilimsikia akimwambia Hamisi. "Utasoma sekondari ukitokea nyumbani. Chumba kipo, taa ipo. Wewe si mtu wa kushika jiwe."

"Na Dada?"

"Dada yako ataolewa. Mwanamke ni mgeni kwao. Hapa tunazungumza wanaume."

Hamisi alicheka kicheko kidogo ambacho sikuwahi kukisikia kwake, cha mtu aliyeongezewa kimo. Nilipakua chakula, nikapeleka, nikapiga magoti kuwanawisha, na Baba Mdogo akasifu kisamvu. Alikula vizuri, bila haraka. Namkumbuka alivyochambua miiba ya ng'onda, samaki mkavu niliyemwekea kando, na kuipanga ukingoni mwa sahani, mmoja mmoja, na mimi nikawa nafikiri: mtu huyu hupanga kila kitu.

Ukurasa wa kutua tuliusoma katikati ya wiki, alasiri, bati likiwa bado linafuka. Hamisi alisoma vizuri siku ile. Mpira wa chuma unashuka, nje umewaka, Bwana Juu anaona ndimi za moto dirishani na anasikia chuma kikilia. Kisha sentensi inayofuata, mpira umetua salama katika shamba lililolimwa, na mama mmoja aliyekuwa akipanda viazi na mjukuu wake anamwona mtu amevaa nguo ya rangi ya chungwa anawajia. Wanaogopa, yeye anawatuliza, anataka kupelekwa kwenye simu. Hamisi akafika mwisho akavuta pumzi. Biti Saidi alikuwa analengwalengwa na machozi.

Nikasema, "Soma tena."

Akasoma tena.

"Mahali hapo ni uongo," nikasema.

Hamisi akaniangalia kama nimemtukania mtu. "Uongo upi?"

"Mpira umewaka moto nje, au haukuwaka?"

"Umewaka."

"Basi mtu atatokaje kwenye kikaango bila kunuka moshi? Yule mama hakusikia harufu? Mbona nguo ina rangi yake? Mimi nakaanga debe moja la korosho, mnanijua nilipo hata macho mkifumba. Na tena, mama yuko shambani, jambo kubwa kama hilo limeanguka toka mbinguni, kinachoonekana kwanza ni kitu au ni mtu? Hapa ameona mtu. Mpira hakuuona. Uko wapi?"

"Dada, hiki ni kitabu," Hamisi akasema.

"Nimekiona."

"Kimeandikwa na watu waliosoma."

Biti Saidi akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Mwanangu Somoe, mtu ametoka mbinguni salama, wewe unamnusa kwapa."

Wakacheka wote. Mimi pia nilicheka, lakini ukurasa ule sikuuzungusha kidoleni. Niliukunja nikautia kifuani, na jioni nikauweka chini ya godoro. Nilikuwa na hakika kwamba mtu aliyeandika pale aliruka kitu, na kwamba alikiruka kwa makusudi, na nilitaka siku moja nijue ni nini. Usomaji wangu ulikuwa wa polepole, wa kufuata kwa kidole. Siku zilizofuata niliusoma peke yangu mara nyingi hadi nikaweza kuuona nikiwa nimefumba macho. Kupaa kumeelezwa kurasa nane. Kuzunguka, kurasa tano. Kutua, mstari mmoja.

Majibu yalitoka mwezi wa kumi na mbili. Hamisi alifaulu, mmoja wa wachache shuleni kwake. Ijumaa iliyofuata Baba Mdogo alikuja na mwenyekiti wa kijiji, na karatasi, na kidau cha wino wa kuchovyea kidole. Biti Saidi alikuwapo, Hamisi alikuwapo, amevaa shati lake la shule lililopigwa pasi ingawa shule ilikuwa imefungwa. Baba Mdogo alikaa kwenye kiti cha baba, akasoma karatasi kwa sauti nzuri ya ukarani. Kwamba mimi, Somoe binti Salumu, kwa niaba yangu na ya wadogo zangu, namkabidhi baba yetu mdogo Shabani mikorosho yote ya shamba la marehemu, aipalilie, aipulizie dawa, avune, auze, na kwa mapato hayo awatunze watoto na kumsomesha Hamisi. Yote yalikuwa maneno mazuri. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa kila penye kituo.

"Kidau ni cha nini?" nikauliza.

"Cha kidole gumba."

"Najua kuandika jina langu, Baba Mdogo."

"Sikujua," akasema. Na angekuwa ametazama mikono yangu hata mara moja katika zile Ijumaa zote nilizomnawisha, angejua pia kwamba kidole changu hakina alama ya kuweka.

Nikaomba karatasi. Akanipa. Niliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, nao wakaningoja. Nilisikia mwenyekiti akijikuna. Nilipofika mwisho nilirudi juu nikaanza tena, na Hamisi akasema kwa sauti ya chini, "Dada, bwana," kwa aibu.

"Inarudi lini?" nikauliza.

"Nini?"

"Mikorosho. Hapa imeandikwa inavyokwenda kwako, na utakavyoifanya. Haikuandikwa inavyorudi."

Baba Mdogo alimtazama mwenyekiti, kisha akanitazama kwa upole. "Hamisi akishakuwa mtu mzima, ni yake. Hilo nani asiyelijua?"

"Basi liandike."

"Mimi ni walii wenu, msimamizi wenu, Somoe. Ni damu moja na baba yako. Unataka tuandikiane kama watu wa dukani?"

"Umeshaandika, Baba Mdogo. Nataka umalizie tu."

Mwenyekiti akajaribu kucheka, akasema, "Mstari mmoja tu, Karani, mwandikie mtoto alale." Nadhani angeandika kama mwenyekiti asingecheka. Kalamu alikuwa nayo mkononi. Nilimwona anaitazama. Kisha akaitia mfukoni, akaikunja karatasi mara mbili, akasimama kutoka kwenye kiti cha baba. "Sijawahi kuitwa mwizi," akasema, ingawa neno hilo sikulitamka. "Utakaponihitaji utajua nyumba yangu iliko." Mlangoni alimwekea Hamisi mkono begani, akauondoa, akaenda zake. Kisamvu nilichompikia tulikula sisi kwa siku mbili.

Hamisi hakusema nami jioni ile. Asubuhi alisema mara moja tu. "Angeniandikisha shule. Mkorosho si mtu. Ungempa. Hata kama angeiba yote, mimi ningesoma."

"Ningewalisha nini wewe na Rukia?"

"Kwake ningekula."

"Na Rukia?"

Alikwenda ndani, akakileta kitabu uani, kilichobaki, karibu robo, sehemu ya maisha ya Bwana Juu baada ya kurudi. Akakaa, akaanza kukichana. Ukurasa baada ya ukurasa, bila kusoma, anazungusha, anakunja, anapanga. Rukia akamwambia, "Kaka, hujasoma," naye akaendelea. Biti Saidi alipofika alasiri akakuta vifuko vimejaa ungo mzima na hakuna kitabu. Aliuliza yule mtu mwisho wake ulikuwaje. Hamisi akasema, "Muulize Dada. Yeye ndiye anayejua vitabu."

Mwezi wa kwanza wenzake walikwenda sekondari. Nilijaribu kumtafutia Hamisi ada. Nilimfuata mwalimu mkuu, nilimfuata mwenyekiti, nilimfuata Bwana Gulamu, na kila mmoja aliniuliza kwa adabu kwa nini simwendei baba yangu mdogo. Kwa Baba Mdogo sikwenda. Mara mbili nilipanda basi hadi Lindi kwa nia hiyo, nikafika kona ya mtaa wake, nikarudi. Mwaka uliobaki tuliishi nyumba moja kama wapangaji. Tulipalilia wote, yeye mistari yake, mimi yangu. Wakati wa maua dawa ya unga ya kupulizia haikutosha, nusu ya mikorosho ikapukutisha, na tulipokuwa tukiokota kile kidogo kilichobaki Hamisi alisimama chini ya mkorosho mkubwa akasema bila kunigeukia kwamba kuna mtu wa boti anatafuta kijana Songo Songo. Nilimfungia korosho za njiani. Nilimfungia kwa karatasi ya gazeti, kwa sababu karatasi nyingine sikuwa nayo ila ile moja chini ya godoro.

Shamba lipo. Hakuna aliyelichukua. Rukia alisomeshwa na mikorosho ile hadi akawa mwalimu. Hamisi anajua hayo, na kila mavuno nampelekea fungu lake, naye hulipokea. Kwa miaka yote hiyo nilijiambia kwamba niliokoa kitu siku ile. Nilipokuwa na wasiwasi nilifungua sanduku nikautazama ukurasa wa kutua, karatasi imekuwa ya njano, na nikajiambia, mimi ni mtu ninayejua mahali mstari ulipokosekana.

Kwa hiyo Hamisi aliponionyesha simu yake pale mlangoni, nilijisikia vizuri kwa muda mfupi, kama mtu aliyelipwa. Nilitaka kumwambia, unaona? Ndipo binti wa marehemu, Mwanaidi, alipotuita sote wawili chumbani. Alifungua sanduku la bati la baba yake, akatoa bahasha. "Baba alisema hii apewe Dada Somoe mkononi," akasema. "Alisema hivyo kabla hajalazwa. Hakueleza zaidi."

Niliijua ile karatasi kabla sijaikunjua, kwa zile kunjo mbili. Macho yangu siku hizi hayaoni maandishi madogo, nikampa Hamisi. Akaisoma kwa sauti. Hakuwa amenisomea kitu tangu alasiri zile za uani, na sauti ilikuwa nzito zaidi lakini vituo vilikuwa vile vile. Akasoma aipalilie, aipulizie dawa, avune, auze. Akafika mwisho, akaisogeza karibu na dirisha. Chini ya maandishi meusi palikuwa na mstari mmoja wa wino wa buluu, mwandiko ule ule wa kikarani. Akasoma: "Na mikorosho hii yote itarudi mikononi mwa Hamisi na ndugu zake siku atakapotimiza miaka kumi na minane. Shabani."

Nje watu walikuwa wakiagana.

"Aliandika," Hamisi akasema.

"Lini?" nikauliza.

Mwanaidi hakujua. Hamisi akaigeuza karatasi nyuma, akaigeuza mbele. Tarehe hakuna. Huenda aliiandika jioni ile ile, alipofika nyumbani na hasira imempoa, akangoja msichana aje, nami nikaishia kona ya mtaa mara mbili. Huenda aliiandika mwaka huu, mzee mgonjwa anayesafisha njia yake kwa kalamu aliyoikuta karibu. Niliichukua nikainusa. Walinitazama, lakini niliinusa. Ilinuka karafuu na sanduku.

"Dada," Hamisi akasema, na sauti yake haikuwa ya lawama, ilikuwa ya kuomba. "Wewe unaonaje?"

Alitaka nimwambie. Alikuwa ametoka kukiri kwamba nilikuwa sahihi kuhusu jambo lililowashinda waliosoma, na sasa alikuwa tayari kupokea neno langu juu ya hili pia, lolote lile: kwamba mtu yule alikuwa mwongo na yeye Hamisi hakupoteza kitu, au kwamba alikuwa mkweli na mimi nilimnyima shule. Nilikuwa na majibu yote mawili mdomoni. Yule wa mpira wa chuma nilimkamata kwa sababu moto niliujua, nilikuwa nao uani kila siku. Baba Mdogo Shabani nilimwona Ijumaa kwa Ijumaa, nikiwa nimepiga magoti na birika mkononi, nikimtazama anavyopanga miiba.

"Sijui," nikamwambia Hamisi. "Sikumjua."

Alikaa kitandani kwa marehemu, karatasi mapajani. Baadaye aliikunja kwa zile kunjo zake mbili, akaniuliza kama naweza kumwachia, nikamwachia. Tulitembea pamoja hadi stendi. Njiani aliniuliza kama ule ukurasa wangu bado upo, nikamwambia upo. Akasema akija wakati wa mavuno nimtolee, ausome.